Christian Doppler

Christian Andreas Doppler (Salzburg, 29 Novemba 1803 – Venezia, 17 Machi 1853) alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia wa Austria. Anakumbukwa hasa kwa kanuni aliyoitangaza mwaka 1842, inayoitwa leo athari ya Doppler: masafa ya wimbi (yaani idadi ya mitetemo yake katika sekunde 1) hubadilika kwa yule anayelipokea ikiwa chanzo cha wimbi kinasogea, au ikiwa mpokeaji mwenyewe anasogea.

Doppler alibuni kanuni hiyo ili kueleza rangi za nyota, na katika jambo hilo alikosea. Hata hivyo kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Leo hutumiwa katika hospitali, katika elimu ya anga, katika utabiri wa hali ya hewa na katika rada. Matumizi yake yaliyo wazi kuliko yote ni rada ya wimbi mfululizo, ambayo haiwezi kutambua mwendo wa ndege bila athari hii. Doppler mwenyewe hakuona hata kimoja kati ya vyombo hivyo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 49, zaidi ya miaka 30 kabla ya Heinrich Hertz kuonyesha kwamba mawimbi ya redio yapo.

Utoto na elimu

Doppler alizaliwa katika familia ya waashi wa mawe waliokuwa na kazi ya kutosha mjini Salzburg. Nyumba yao ilikuwa jirani na nyumba ambayo familia ya mtunzi wa muziki Mozart iliwahi kuishi. Mwaka ule Salzburg ilikuwa bado dola ndogo ya kujitegemea. Iliingia chini ya Austria baadaye.

Kwa desturi Christian angerithi kazi ya baba yake, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utoto na kuchonga mawe kulimshinda. Familia ikafikiria kumfanya mfanyabiashara. Kabla ya kuamua walimwomba ushauri Simon Stampfer, mwalimu wa hisabati wa hapo Salzburg. Stampfer alimpima kijana, akaona kipaji chake, akashauri apelekwe katika Taasisi ya Ufundi ya Vienna. Doppler alisoma huko kuanzia mwaka 1822 hadi 1825, kisha akarudi Salzburg kumalizia masomo ya sekondari na falsafa, halafu akaenda tena Vienna kusoma hisabati ya juu, umakanika na astronomia katika chuo kikuu.

Katika vitabu vingi jina lake limeandikwa Johann Christian Doppler. Hilo ni kosa lililoenea kwa kunakiliana; jina alilobatizwa ni Christian Andreas.

Miaka ya kutafuta kazi

Mwaka 1829 Doppler aliajiriwa kuwa msaidizi wa profesa wa hisabati katika taasisi ileile ya Vienna. Kazi hiyo ilikuwa ya mkataba wa miaka michache tu. Ulipokwisha mwaka 1833 alikuwa na umri wa miaka 30, ameandika makala kadhaa za hisabati, lakini hana ajira. Nafasi za ualimu zilitolewa kwa mashindano ya mitihani, na majibu yalichelewa sana. Doppler aliomba sehemu nyingi. Wakati wa kungoja alifanya kazi ya karani wa hesabu katika kiwanda cha kusokota pamba kwa muda wa mwaka 1 na nusu.

Mwaka 1835 alikata tamaa. Aliamua kuhamia Marekani, akauza sehemu ya mali yake, akasafiri hadi Munich kuonana na balozi mdogo wa nchi hiyo. Akiwa katika maandalizi hayo zikamfikia habari kwamba amepewa kazi ya kufundisha hisabati katika shule ya ufundi ya Prague, mji mkuu wa Bohemia, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya milki ya Austria. Akaacha safari. Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde Sturm, binti wa sonara wa Salzburg, na wakapata watoto 5.

Prague haikumpa raha. Shule ya sekondari ilimchosha, kwa kuwa alitaka kufundisha hisabati ya juu zaidi. Alipata vipindi vichache katika Taasisi ya Ufundi ya mji huo, na mwaka 1841 akawa profesa kamili wa hisabati na jiometria ya vitendo. Madarasa yalikuwa makubwa mno. Alilazimika kuwatahini wanafunzi mamia kwa maandishi na kwa mdomo, kazi iliyochukua wiki nyingi, na kifua chake hakikuivumilia. Baadhi ya wanafunzi walimlalamikia kwamba mitihani yake ni mikali kupita kiasi, hata wakubwa wake wakamwonya. Aliwahi kuchukua likizo ndefu ya ugonjwa. Mtu aliyewahi kusahihisha marundo ya karatasi usiku kwa taa atashangaa zaidi kwamba katika miaka hiyohiyo Doppler aliandika kazi yake kubwa.

Hotuba ya mwaka 1842

Tarehe 25 Mei 1842 Doppler alisoma makala mbele ya Shirika la Kifalme la Sayansi la Bohemia, mjini Prague. Makala ilihusu mwanga wenye rangi wa nyota maradufu, yaani nyota mbili zinazozungukana. Waliohudhuria walikuwa wachache sana. Kati ya wanachama wa shirika hilo aliyemuunga mkono kwa nguvu alikuwa Bernard Bolzano, padri na mwanahisabati, ambaye aliona mapema uzito wa wazo lile.

Wazo lenyewe ni rahisi, na Doppler alilieleza kwa mfano wa chombo baharini. Jahazi lililotia nanga hupigwa na mawimbi kwa kiasi fulani, tuseme mawimbi 10 kwa dakika. Jahazi hilo likienda kuyakabili mawimbi, litakutana na zaidi ya 10 kwa dakika, ingawa bahari haikubadilika. Likienda upande uleule yanakokwenda mawimbi, litapigwa na machache. Doppler alisema kwamba jambo hilo lazima liwe kweli kwa kila wimbi, la sauti na la mwanga pia, na kwamba hutokea hata kama anayesogea ni yule anayetoa wimbi. Aliandika pia milinganyo ya kukokotoa badiliko hilo.

Siku hizi mfano unaotumika zaidi darasani ni king'ora cha gari la wagonjwa. Gari linapotujia sauti ni nyembamba. Likishatupita sauti inakuwa nzito ghafla. Hapa wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili. Ukubwa wa sauti huongezeka kadiri gari linavyokaribia, lakini wembamba wake hauongezeki: gari linalokuja moja kwa moja kwa mwendo usiobadilika hutoa sauti ya wembamba uleule muda wote, na badiliko huonekana wakati linapotupita.

Kwa nyota Doppler alisema hivi. Nyota inayotukaribia itaonekana kuelekea rangi ya buluu, kwa kuwa mwanga wa buluu una masafa ya juu. Inayokwenda mbali nasi itaonekana kuelekea nyekundu. Kwa hiyo, alidhani, nyota nyekundu na nyota za buluu tunazoziona zimepata rangi zao kwa sababu ya mwendo.

Hesabu inaonyesha alipokosea. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Dunia yetu hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, na kasi za nyota nyingi si mbali sana na kiasi hicho. Uwiano huo ni 1 kwa 10,000. Badiliko la rangi la sehemu moja katika 10,000 haliwezi kuonwa kwa jicho. Tena nyota hutoa pia mwanga usioonekana, upande wa juu na wa chini wa spektra, na mwanga huo husogea pamoja na ule unaoonekana na kuziba pengo. Rangi ya nyota hutokana hasa na joto la uso wake: nyota ya buluu ni ya joto zaidi kuliko nyekundu. Lakini Doppler aliandika pia kwamba siku za usoni wanaastronomia wataitumia kanuni yake kupima mwendo wa nyota, na hilo lilitimia.

Jaribio la tarumbeta

Mtu wa kwanza kuipima kanuni hiyo kwa makini alikuwa kijana Mholanzi, Christophorus Buys Ballot, ambaye alikusudia kuipinga. Wakati ule reli zilikuwa mpya, na garimoshi lilikuwa chombo pekee chenye kasi ya kutosha. Mwaka 1845 aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye behewa la wazi katika njia ya reli kati ya Utrecht na Maarssen, akawapanga wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize na kutaja noti waliyoisikia. Jaribio la Februari liliharibiwa na baridi na theluji. Lile la Juni lilifaulu: treni ilipokaribia noti ilisikika juu kuliko ile iliyopigwa, na ilipoondoka ikasikika chini, kwa kiasi kilichokaribiana na milinganyo ya Doppler.

Buys Ballot alikiri kwamba kanuni ni kweli kwa sauti. Akaendelea kukataa maelezo kuhusu rangi za nyota, na hapo naye alikuwa na haki.

Schemnitz, Vienna na ugomvi na Petzval

Mwaka 1847 Doppler aliondoka Prague akawa profesa katika chuo cha madini cha Schemnitz, mji unaoitwa leo Banská Štiavnica nchini Slovakia. Huko alitumia kumbukumbu za zamani za wapimaji wa migodi kuchunguza jinsi mwelekeo wa sindano ya dira ulivyobadilika kwa miaka mingi. Hakukaa sana. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalienea katika Hungaria, ambayo Schemnitz ilikuwa sehemu yake, na familia ikalazimika kuondoka. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Vienna.

Alirudi Vienna mwaka 1849 na kuchukua nafasi iliyoachwa na Stampfer, mwalimu wake wa zamani. Januari 1850 Kaisari Franz Joseph alimteua kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi mpya ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mmoja wa wanafunzi waliosoma fizikia kwake alikuwa mtawa kutoka Moravia aliyekuwa ameanguka mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Mtawa huyo ni Gregor Mendel, ambaye baadaye alifanya majaribio ya njegere yanayosomwa katika kila darasa la biolojia.

Furaha ya cheo ilikuwa fupi. Mwaka 1852 Josef Petzval, mwanahisabati mashuhuri wa chuo kikuu hichohicho na mtaalamu wa lenzi za kamera, aliishambulia kanuni ya Doppler mbele ya Chuo cha Sayansi. Petzval alishikilia kwamba masafa ya mtetemo hayawezi kubadilika njiani, na kwamba sayansi kubwa haiwezi kujengwa juu ya mlinganyo mdogo wa mistari michache. Hesabu zake zilikuwa sahihi, ila zilihusu jambo jingine: yeye alichunguza hali ambapo hewa, au kitu kingine kinachobeba wimbi, ndicho kinachotembea, huku chanzo na msikilizaji wametulia. Ni kweli kwamba upepo peke yake haubadilishi noti. Doppler alikuwa anazungumza juu ya chanzo na msikilizaji wanaosogea. Alijitetea, na majaribio ya treni yalikuwa upande wake, lakini wengi wa wasikilizaji walivutwa na hesabu ndefu za Petzval. Doppler alitoka katika mabishano hayo heshima yake ikiwa imepungua.

Wakati huo ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemzidi. Novemba 1852 alikwenda Venezia, ambayo ilikuwa chini ya Austria, kwa matumaini kwamba hewa ya huko ingemsaidia. Hakupata nafuu. Mkewe alimfuata katika siku za mwisho, naye akafariki tarehe 17 Machi 1853. Alizikwa katika kisiwa cha makaburi cha San Michele.

Kanuni baada ya kifo chake

Mfaransa Hippolyte Fizeau alikuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe mwaka 1848, bila kujua kazi ya Doppler, na ndiyo maana vitabu vya Ufaransa hutaja majina yote mawili. Fizeau aliona pia njia iliyo sahihi zaidi: badala ya kutazama rangi nzima ya nyota, tazama mistari myembamba ya giza ndani ya spektra yake, kisha pima mistari hiyo imesogea kiasi gani. Mwaka 1868 Mwingereza William Huggins alijaribu kufanya hivyo kwa nyota ya Shira, inayoitwa pia Sirius. Kipimo chake hakikuwa sahihi, lakini waliomfuata walikirekebisha, na baadaye njia hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba magalaksi yanaachana.

Rada ya wimbi mfululizo

Rada nyingi zinazojulikana ni rada za mapigo. Hurusha pigo fupi la mawimbi ya redio, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi. Muda wa kungoja mwangwi hutoa umbali. Ni kama mtu anayepiga kelele mara moja mbele ya jabali na kungoja sauti yake irudi.

Rada ya wimbi mfululizo hainyamazi. Antena yake hurusha wimbi lenye masafa yaleyale bila kukatika, na wakati huohuo antena nyingine hupokea yale yanayorudi. Ni kama mtu anayepiga filimbi pasipo kupumzika huku akitaka kusikia mwangwi wake. Kwa kawaida asingesikia kitu, kwa sababu filimbi yake mwenyewe ingefunika yote. Hapo ndipo kanuni ya Doppler inapomwokoa: ikiwa mwangwi umetoka kwa kitu kinachosogea, unarudi na noti tofauti.

Tofauti hiyo ni ndogo ajabu. Tuchukue rada yenye masafa ya gigahezi 10, yaani mitetemo bilioni 10 kwa sekunde, na ndege inayoijia kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde. Badiliko hutokea mara mbili: kwanza ndege inapolipokea wimbi ikiwa katika mwendo, halafu inapolirudisha ikiwa bado katika mwendo. Kwa hiyo kasi ya ndege huzidishwa kwa 2, hugawanywa kwa kasi ya mwanga, kisha huzidishwa kwa masafa ya rada. Jibu ni hezi 20,000. Kwa wimbi la mitetemo bilioni 10 hilo ni badiliko la sehemu 2 katika milioni. Rangi za nyota alizozitazama Doppler hubadilika zaidi ya hapo, na bado jicho halioni.

Rada inafauluje? Haipimi wimbi lililorudi peke yake. Inalichanganya na sehemu ndogo ya wimbi linalorushwa, na kupima tofauti tu. Wapiga zeze wanalijua jambo hili: nyuzi mbili zikiwa karibu sawa lakini si sawa kabisa, zikipigwa pamoja sauti hupanda na kushuka polepole, na kadiri zinavyotofautiana ndivyo kupanda na kushuka kunavyoharakisha. Ndani ya rada, mawimbi mawili ya mabilioni ya mitetemo hutoa mtetemo mmoja wa hezi elfu kadhaa tu, kiasi ambacho ukikipitisha kwenye spika unaweza kukisikia.

Faida kubwa ni kwamba mlima, nyumba na mti havisogei, hivyo mwangwi wake unarudi na masafa yaleyale na unaweza kuchujwa. Ndege inayopita chini mbele ya kilima inabaki peke yake. Lakini kuna hasara mbili. Kwanza, kitu kinachokatiza mbele ya rada bila kuikaribia wala kuiacha hakitoi badiliko lolote, kwa hiyo hakionekani. Pili, wimbi lisilo na mwanzo wala mwisho halina alama ya kuonyesha lilitoka lini, kwa hiyo rada hiyo katika hali yake ya kawaida inajua kasi lakini haijui umbali.

Baadhi ya majaribio ya mwanzo ya kuona vitu kwa redio yalikuwa ya wimbi mfululizo. Mwaka 1922 Albert Taylor na Leo Young wa jeshi la majini la Marekani walitambua meli ya mbao katika mto Potomac kwa sababu ilivuruga mawimbi yaliyokuwa yanavuka mto. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry nchini Uingereza, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya kituo cha redio cha BBC yenye urefu wa mita 49. Ndege aina ya Heyford iliporuka hapo, wimbi lililotoka kituoni moja kwa moja na lile lililogonga ndege yalichanganyika, na alama kwenye chombo ikapanda na kushuka. Jaribio hilo lilitosha kuishawishi serikali itoe fedha, ingawa baada yake Waingereza walichagua rada za mapigo kwa kuwa walihitaji kujua umbali.

Wasomaji wa Tanzania wanakijua chombo kimoja cha jamii hii kwa jina la tochi, kile ambacho trafiki hukielekeza kwenye magari. Baadhi ya tochi hutumia leza, ambayo hupima kwa njia nyingine. Zile za rada ni za wimbi mfululizo. Kwa rada ya gigahezi 24.15, gari linalokuja kwa kilomita 90 kwa saa hutoa tofauti ya hezi 4,025.

Matumizi katika ndege

Tatizo la umbali lilitatuliwa kwa kuyabadilisha masafa ya wimbi bila kulikatiza. Rada huyapandisha masafa kwa mwendo sawasawa, kisha huyashusha, tena na tena. Mwangwi unaporudi, masafa ya wimbi linalorushwa yameshasonga mbele kidogo, na tofauti iliyopo inaonyesha muda uliopita. Edward Appleton alitumia njia ya kubadilisha masafa mwaka 1924 alipopima kimo cha tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi ya redio, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka 1938 Lloyd Espenschied na wenzake wa maabara za Bell huko Marekani walionyesha chombo cha kupima kimo cha ndege kwa njia hiyo.

Chombo hicho huitwa altimita ya redio. Altimita ya kawaida hupima kanieneo ya hewa, kwa hiyo husema ndege iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Haijui kama chini yake kuna bonde au mlima. Altimita ya redio huelekeza wimbi chini na kupima ardhi yenyewe. Hutumia masafa kati ya gigahezi 4.2 na 4.4, na katika ndege za abiria hufanya kazi hadi kimo cha mita 760 hivi. Tuseme masafa yanapandishwa kwa megahezi 100 katika sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Ndege ikiwa mita 150 juu ya ardhi, wimbi huenda na kurudi kwa sehemu 1 ya milioni ya sekunde, na tofauti ya masafa ni hezi 10,000. Ikishuka hadi mita 15, tofauti ni hezi 1,000. Sauti inayotangaza kimo ndani ya chumba cha rubani, ndege inapokaribia kutua, hutokana na kipimo hiki. Rada ya mapigo ingepata shida karibu na ardhi, kwa kuwa mwangwi ungerudi kabla pigo halijamalizika kutoka.

Matumizi ya pili ni kujua ndege inakwenda wapi. Rubani aliye juu ya mawingu au bahari anajua kasi yake ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe inasogea. Upepo wa ubavuni humpeleka kando pasipo yeye kuhisi. Kuanzia miaka ya 1950 ndege nyingi zilifungiwa rada ya Doppler ya kuongozea safari. Rada hiyo hupeleka miali 3 au 4 chini kwa mshazari, mingine mbele na mingine nyuma, kulia na kushoto. Mwangwi wa mbele hurudi na masafa ya juu, wa nyuma na masafa ya chini. Tofauti yao ni kasi ya ndege juu ya ardhi. Tofauti ya kulia na kushoto huonyesha ndege inasukumwa kando kiasi gani. Haikuhitaji kituo chochote cha redio ardhini, jambo lililokuwa na thamani kubwa juu ya bahari na majangwa. Udhaifu wake ulikuwa bahari shwari: maji yaliyotulia kama kioo huyarusha mawimbi mbele badala ya kuyarudisha. Satelaiti zimechukua kazi hiyo katika ndege za abiria, lakini helikopta bado huitumia, hasa inapobidi kusimama angani mahali pamoja juu ya bahari ili kumwokoa mtu.

Jeshi pia limeitumia kanuni hii. Kuna makombora, kwa mfano Sparrow la Marekani, yaliyotengenezwa ili yafuate mwangwi wa wimbi mfululizo ambao ndege ya kivita humulika adui yake. Na chombo kilichowashusha wanaanga wa Apollo 11 juu ya Mwezi mwaka 1969 kilikuwa na rada ya miali 4: mitatu ya wimbi mfululizo kwa ajili ya kasi, na mmoja wa masafa yanayobadilishwa kwa ajili ya kimo. Mwezi hauna hewa, kwa hiyo altimita ya kanieneo isingefaa kitu.

Kwa kuwa vyombo vingine vya ndege huamini kipimo cha altimita ya redio, kosa lake laweza kuua. Tarehe 25 Februari 2009 ndege aina ya Boeing 737-800 ilikuwa inatua katika uwanja wa Schiphol, Amsterdam. Altimita ya redio ya upande wa kushoto ilisema ndege iko futi 8 chini ya ardhi, ingawa ilikuwa bado juu angani. Mfumo unaodhibiti nguvu za injini ulichukua kwamba ndege inagusa njia, ukapunguza nguvu. Marubani hawakutambua mapema kwamba kasi inashuka, na ndege ikaanguka shambani kabla ya kufika uwanjani. Watu 9 walikufa, wakiwemo marubani wote 3 waliokuwa mbele.

Mwaka 2022 suala la altimita hizi lilirudi kwa sura nyingine. Kampuni za simu za Marekani zilipowasha mitandao ya 5G katika masafa ya karibu na gigahezi 4, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilihofia kwamba altimita za zamani zingeyapokea mawimbi ya simu pamoja na mwangwi wa ardhi. Kampuni zilikubali kuchelewesha minara iliyo karibu na viwanja vya ndege, na mashirika ya ndege yakatakiwa kuweka chujio au kubadilisha altimita zao.